Vinoo Vilivyotoka Paani

Katika mtaa wa nyumba za zamani za serikali, Mbulu mjini, mgeni aliyeulizia kwa Yonas Margwe hakupewa namba ya nyumba. Aliambiwa, "Fuata chuma kinakoimba." Akifuata, alimkuta mzee mrefu aliyevaa koti la sufu, amekaa kwenye kigoda barazani, mundu mkononi, anaupitisha juu ya kipande cha kitu cha kijivu, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, kisha anauinua hadi mdomoni na kupuliza vumbi: fuu! Hapo ndipo alipoinua macho na kuitikia shikamoo.

Hakuwa ananoa ili apate kula. Alikuwa na pensheni yake, na nyuma ya nyumba alikuwa na matuta ya vitunguu saumu ambayo mkewe, Perpetua, aliyalinda dhidi ya kuku kama askari wa benki. Alinoa kwa kuwa mikono yake ilishika usukani wa Landrova ya serikali tangu ujana, ikapanda nayo Kainam na kushuka nayo Basotu, ikapita kwenye matope ambayo hata punda huyakataa, na mikono ya namna hiyo haiwezi kulazwa mapajani kwa sababu tu mtu ameandikiwa barua ya kustaafu. Basi majirani walileta miundu, mapanga, visu vya jikoni, mikasi ya kukatia nguo. Walileta na habari. Walipoondoka, chuma kilikuwa na makali na wao walikuwa wamecheka.

Nyumba yenyewe aliipata miaka ile serikali ilipoamua kuwauzia watumishi nyumba walizokuwa wakikaa. Ilikuwa ndiyo kwanza mkoa wa Manyara umezaliwa, ofisi kubwa zinahamia Babati, vijana wenye magari mapya wanapita na vumbi lao, na Yonas akaona heri abaki na kilicho kikuukuu. Aliipenda nyumba hiyo kama mtu anavyompenda mke aliyemwoa wote wakiwa watu wazima. Ilikuwa na kuta nene zenye ubaridi wa kisima, na mahali pa kuotea moto sebuleni, na bomba la moshi lililotokea juu ya paa. Na paa! Halikuwa la bati la chuma kama nyumba za jirani. Lilikuwa la zile bati za simenti, nene, zenye mawimbi mapana, kijivu kama mgongo wa tembo, na kuvu la kijani lilikuwa limeota juu yake kwa unyevu wa milimani. Mvua ya masika ikipiga Mbulu, kwenye nyumba za bati watu hupiga kelele ili wasikilizane, lakini kwa Yonas jumuiya ilisali rozari kwa sauti ya kawaida, na kila salamu ilisikika mpaka amina yake.

Kisha ikanyesha mvua ya mawe. Ilivunja bati mbili upande wa jikoni. Fundi akaziba na bati za chuma, vipande vikabaki uani, na siku moja Yonas, akitafuta mahali pa kunolea kisu cha Perpetua, akakipitisha juu ya kipande kimoja. Kisu kilishika makali kama kimezaliwa nayo.

Alifurahi kama mtoto aliyeokota kobe. Akavichukua vile vipande, akavikata kwa msumeno, kila kimoja urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi kiganja, akavilainisha kingo kwa tupa. Akavigawa. Cha kwanza alimpa dada yake Rogathe, aliyeolewa Maretadu. Kingine alimpa jirani wa ng'ambo ya barabara. Na kilicho kizuri kuliko vyote, kisicho na ufa, akampelekea rafiki yake Gidabuday, kule uwandani upande wa Basotu.

Huyu Gidabuday ilibidi apewe kilicho kizuri. Zamani, katika mwaka wa mvua nyingi, Yonas alikuwa akimwendesha afisa mmoja wa kilimo alipomkuta kijana wa Kibarbaig amesimama katikati ya njia, mikono ameinyoosha, na mkewe amelala pembeni mwa njia kwa uchungu wa kuzaa. Afisa alihamishiwa nyuma akakaa na madumu ya mafuta, mwanamke akawekwa mbele, nao wakaenda hivyo mpaka hospitalini Haydom. Mtoto alizaliwa mzima. Tangu hapo, kila mwaka Gidabuday alileta kitu Mbulu: asali, siagi, mwaka mwingine mbuzi aliyefungwa kamba ya ngozi. Yonas naye alijibu kwa blanketi, sukari, tochi. Gidabuday alivipokea kwa adabu, lakini Yonas aliona machoni mwake kwamba hivyo ni vitu vya dukani, mtu yeyote mwenye mshahara huvitoa. Alipompa kinoo ndipo alipomwona rafiki yake anafurahi kweli. Gidabuday alikiinua juu wanawe wakione, akakitoboa ncha, akakifunga kamba ya ngozi na kukitundika mlangoni. "Hiki," alisema, "amekitoa kwenye paa la nyumba yake mwenyewe."

Basi ndivyo mambo yalivyokuwa, mazuri, hadi Jumamosi moja kabla ya mavuno, Hilda alipokuja na visu vyake.

Hilda alikuwa binti wa mdogo wake Yonas, afisa afya huko Babati, mwanamke wa maneno machache na macho mengi.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Lete hivyo visu. Naona mume wako siku hizi anakula nyama ngumu."

"Anakula makande kama wewe."

"Makande hayahitaji kisu."

"Ya kwangu yanahitaji," akasema Hilda, na Perpetua akacheka huko jikoni mpaka mwiko ukamwanguka.

Yonas akaanza. Kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Akakiinua kisu. Fuu! Vumbi jepesi likapanda kwenye jua la asubuhi, likazunguka kidogo kama halijui pa kwenda, likatua kwenye koti, kwenye kigoda, kwenye mchicha aliokuwa ameuanika Perpetua.

Hilda alikuwa ameshasimama. "Baba mkubwa, usipulize tena."

"Kwani nimekutemea mate?"

"Hapana. Kiweke chini. Polepole. Mama, naomba maji kwenye kopo."

Akakimwagia kile kinoo maji mpaka kikawa cheusi, ndipo alipoinama kukitazama pale kilipokuwa kimemeguka. Akamwonyesha Yonas kwa ncha ya kijiti bila kukigusa. Kwenye ule mvunjiko zilitokeza nyuzi ndogo, nyepesi, kama katani iliyochanwa, kama nywele za mtoto mchanga. Yonas alikuwa ameziona siku zote. Alidhani ni majani makavu yaliyochanganywa na simenti ili ishikane, kama sisi tunavyochanganya udongo na majani tunapokandika nyumba. Hata alimsifu moyoni mzungu aliyeijenga, kwa kujifunza kwetu.

"Hiki kimetoka wapi?" Hilda akauliza.

Yonas akaonyesha juu.

Basi Hilda akaizunguka nyumba, na wazee wawili wakamfuata kama watu wanaofuata mnunuzi wa ng'ombe, wakisubiri atie kasoro. Aliuliza ilijengwa lini. Yonas alijua tu kwamba aliikuta, na kwamba waliomtangulia nao waliikuta. Mzee mmoja wa mtaa aliwahi kusema ilijengwa enzi za Mwingereza. Hilda akatikisa kichwa: nyumba za umri huo ndizo zenye mashaka. Akatazama unene wa bati na mawimbi yake. Akatazama kofia ya paa, pale bati zinapokutana juu, maana hiyo hutengenezwa kwa kitu kilekile. Akatazama bomba la moshi. Akatazama dari ya sebuleni, zile mbao nyeupe ngumu zisizo mbao, akauliza kama kuna mtu aliyewahi kuzipiga misumari au kuzitoboa.

"Niligonga mmoja," Perpetua akasema. "Wa kalenda."

"Usiung'oe. Uache hapohapo."

Mwishoni walikaa barazani, mbali na kigoda. Hilda akasema, "Kuna kitu kinaitwa asbesto. Ni jiwe lenye nyuzi. Zamani walilichanganya na simenti kwa sababu haliungui wala halipitishi joto. Likiwa zima, limekaa paani, halina ugomvi na mtu. Likisagwa, likikatwa, likisuguliwa, linatoa vumbi lenye nyuzi ambazo jicho halizioni. Ukizivuta zinakaa kifuani, hazitoki."

"Na hili ndilo?" Yonas akauliza.

"Sijui."

"Wewe afisa afya hujui?"

"Kwa macho hajui mtu yeyote, baba mkubwa. Kuna bati nyingine za simenti zinafanana na hizi kabisa na hazina kitu hicho. Mpaka maabara waitazame kwa hadubini. Nitachukua kipande kilicholowa, nitakifunga, nitakipeleka. Majibu yatachukua muda. Ninachosema ni kwamba inawezekana sana, na jambo la namna hii ukishasema inawezekana, unaishi kana kwamba ndivyo, mpaka uambiwe sivyo."

Kuku alipita, akautazama mchicha, akaendelea na safari yake.

"Mimi nimelifagia hilo vumbi," Perpetua akasema taratibu. "Kila jioni."

Hilda akamshika mkono. Hakuwadanganya. Aliwaambia kwamba ugonjwa wenyewe ukija huja kwa mwendo wa konokono, miaka ishirini, thelathini, na si kila aliyevuta huugua. Kwamba wakapimwe kifua, na kuanzia leo asifagie pakavu, apanguse kwa tambara bichi.

"Miaka thelathini!" Yonas akasema. "Basi huyo konokono akifika nitakuwa nimehama."

Perpetua akamtazama kwa jicho lile la ndoa ya siku nyingi, na mzaha ukamfia mdomoni. Kwa maana aliona, kabla hajaambiwa, kile ambacho yule mama alikuwa anakiona: kuna watu ambao hawatakuwa wamehama. Kule Basotu, chini ya mlango wa Gidabuday, kila jioni wanawe hunoa mikuki na visu, na watoto wao huchuchumaa karibu kutazama, na alikuwa ni yeye Yonas aliyewafundisha kunoa pakavu na kupuliza. Maji, aliwaambia, huyalevya makali.

"Ningoje majibu," alisema usiku ule, bila kusadiki.

"Ungoje," Perpetua akamuunga mkono. "Utamwambia nini Gidabuday? Kwamba unachukua zawadi kwa sababu ya inawezekana? Umesahau habari ya redio?"

Hakuisahau. Mtu mmoja wa mjini alimpa Gidabuday redio, baadaye akaja kuichukua akisema alikuwa na haja nayo. Gidabuday alimpa, akampa na maziwa ya njiani. Tangu siku hiyo jina la mtu yule halikutajwa tena katika boma lile. Watu wakilitaja, Gidabuday aliuliza mvua imenyesha wapi.

Majibu ya maabara yalikuja baadaye sana, mvua zikiwa zimeanza tena, nayo yalisema ndivyo. Lakini wiki ile hakuna aliyejua, na Yonas Margwe, kwa ajili ya wale watoto wanaochuchumaa kutazama, hakungoja: alifunga safari akiwa na neno moja tu la kumpelekea rafiki yake, nalo lilikuwa huenda.

Kinoo cha jirani kilikuwa rahisi. Jirani alikuwa amekipoteza chini ya banda na alikitoa kwa furaha. Yonas alivilowesha vipande vyote kama alivyoelekezwa, kitambaa puani, akavifunga kwenye mifuko miwili ya nailoni, mmoja ndani ya mwingine, akamwachia Hilda avipeleke mahali halmashauri ilipopatenga. Kisha akapanda basi la Haydom, akateremka Maretadu.

Rogathe alikuwa anachambua maharage uani. Aliisikiliza habari yote bila kuinua kichwa, maana dada mkubwa haharakishwi.

"Yonas," akasema alipomaliza, "tangu lini umekuwa kuku? Unataga, halafu unarudi kulila yai?"

"Dada, si kwa ubaya."

"Kitu chenyewe sikukitumia kunolea. Nilikisaga, nikasugulia masufuria. Tazama yanavyong'aa." Akaonyesha. Kweli yaling'aa, jua lilikuwa limekaa ndani ya kila moja.

Yonas akarudi nyuma hatua moja. "Ulikisaga chote?"

"Kimebaki nusu. Kipo chini ya uchaga." Ndipo alipoinua uso, akamwona mdogo wake alivyobadilika rangi, na kejeli yote ikamtoka. Alikwenda mwenyewe kuleta maji. Wakaloweka, wakafunga, wakapangusa mahali pale kwa matambara na kuyafunga matambara nayo. Masufuria yakaoshwa kwa maji mengi mtoni, na huko mtoni Rogathe, aliyejua kila jiwe la kijito kile kwa sababu alikifulia tangu aolewe, akachagua moja: refu, jeusi, laini kama shavu. Akampa.

"Usiende mikono mitupu," alisema. "Ukichukua yai, acha hata punje."

Toka Haydom alipanda bodaboda. Ngano ilikuwa imeiva, na upepo uliipapasa kama mtu anayepapasa ng'ombe aliyemzoea. Mlima Hanang ulikuwa mbele, umevaa wingu begani. Siku nyingine Yonas angemwambia kijana wa pikipiki ni wapi hapa alipokwama mwaka gani na nani alimkwamua. Siku hiyo alinyamaza, akayapanga maneno, akayapangua.

Gidabuday alimwona kwa mbali akatoka kumlaki, shuka begani, fimbo mkononi, kicheko kimetangulia. "Dereva! Leo umeletwa na gari lenye miguu miwili?"

"Nimezeeka. Magurudumu nayo yanapungua."

Wakaingia. Pale mlangoni kinoo kilining'inia kwa kamba yake, katikati kimebonyea kidogo kwa kazi, na chini yake ardhi ilikuwa na rangi hafifu ya majivu. Yonas alishindwa kukiangalia. Alitaka kusema hapohapo amalize, maana aliona vibaya kunywa maziwa ya mtu kisha umwambie neno lile.

"Nina jambo," alianza.

"Maziwa kwanza," Gidabuday akasema.

Mke wake mkubwa, yuleyule aliyezalia Haydom, akaleta kibuyu. Ilibidi anywe. Maziwa yalikuwa na harufu ya moshi wa mti waliofukizia, naye aliyanywa kama mtu anayekunywa deni. Wana wawili wakubwa wakaja kumwamkia, shikamoo, shikamoo, wakakaa. Ndipo akasema.

"Nimekuja kuchukua kile kinoo."

Wale vijana wakatazamana. Gidabuday hakusogea. "Nimekukosea nini?" akauliza, na sauti yake ilikuwa ya upole, nao upole ule ulimwumiza Yonas kuliko makaripio.

"Hujanikosea. Kitu chenyewe kinaweza kuwa kibaya. Vumbi lake huingia kifuani, likakaa, na miaka mingi baadaye linaua. Huenda."

"Huenda?"

"Haijajulikana bado. Wanapima."

"Umetoka Mbulu mpaka hapa kwa ajili ya huenda."

"Ndiyo."

"Mvua," akasema Gidabuday, akitazama nje, "imenyesha wapi huko njiani?"

Yonas alijua swali hilo huulizwa lini. Maneno yote aliyoyapanga kwenye pikipiki yalikimbia, likabaki moja, la kizizini.

"Ng'ombe wako akianza kutokwa na udenda, unafanya nini?"

Gidabuday aliendelea kutazama nje. Lakini hakuna Mbarbaig anayeweza kuulizwa habari ya ng'ombe akaendelea na mvua. "Namtenga," akasema.

"Kabla daktari wa mifugo hajafika?"

"Daktari wa mifugo! Huyo nikimngoja nitamwonyesha ngozi."

"Na kama hana ugonjwa? Kama ni mwiba tu mdomoni?"

"Basi atarudi kwa wenzake. Amekosa nini? Siku mbili za majani." Alikuwa ameshafika pale alipokuwa anapelekwa, naye alijua. "Haya. Ubaya wa jiwe nimeuelewa. Wanangu wasilitumie. Lakini mimi nitalifukia mwenyewe. Wewe usilichukue. Zawadi haichukuliwi."

"Ukilichimbia hapa, mvua italifukua, watoto wataliokota. Lina mahali pake Mbulu. Nimeleta jiwe jingine, la mtoni, badala yake."

"Badala?" Sasa alikasirika kweli. "Kubadilishana ni sokoni. Mimi nilikuwa sokoni na wewe?"

Yonas alitazama mikono yake. Alifikiri habari ya miaka yote ile, asali na tochi, mbuzi na sukari, na jinsi itakavyokuwa mwaka kesho mtu akilitaja jina lake hapa, na huyu mzee akaulizia mvua.

Mke mkubwa alikuwa ameegemea nguzo, kibuyu mkononi. "Nyie wanaume," akasema, "nani aliyewaambia ilikuwa zawadi?"

Wote wakageuka.

"Mimi nilikuwepo siku ile. Nilisikia kwa masikio haya. Yonas alisema, 'Shika hiki, ukitumie.' Mtu anayetoa zawadi husema hivyo? Hivyo husema mtu anayekukabidhi ng'ombe umtunzie. Kamua, kunywa, lakini ng'ombe ni wake. Siku akija kumtaka, unampa."

Gidabuday alimtazama mkewe muda mrefu. Kitu kikaanza kucheza pembeni mwa mdomo wake, akakizuia.

"Alisema, 'Shika hiki, ukitumie'?"

"Alisema."

"Ulisema?" akamgeukia Yonas.

Yonas hakukumbuka hata kidogo alichosema. "Ndivyo ninavyosema siku zote," akajibu, na hilo halikuwa uongo.

"Basi ni ng'ombe wa kutunza." Gidabuday akapiga fimbo chini mara moja, kama mwamuzi. "Na mimi nimemtunza vizuri. Hajapotea, hajaliwa na fisi. Mchukue. Ila mwenye ng'ombe akija kumchukua, mtunzaji haachwi hivihivi. Huachiwa ndama. Ndama wangu yuko wapi?"

Yonas akaingiza mkono kwenye begi, akatoa lile jiwe jeusi la Maretadu.

Gidabuday akalipokea, akaligeuza. "Mdogo."

"Ndama huwa wadogo."

Hapo vijana waliangua kicheko, na mke mkubwa akafunika uso kwa kiganja. Lakini kazi ilikuwa haijaisha. Yonas aliomba maji, akawaambia wote wakae upande upepo unakotoka. Akafunga kitambaa puani, akakilowesha kinoo kikiwa palepale mlangoni, akakitungua na kamba yake, akakitia mfukoni, akafunga, akatia mfuko wa pili, akafunga. Ardhi ya pale chini ililoweshwa, ikakwanguliwa na jembe, nayo ikaingia kwenye mfuko wake. Gidabuday alitazama yote kama mtu anayetazama mnyama wake anachanjwa. Alipoona rafiki yake anatokwa jasho, alisogea kutaka kusaidia, akafukuzwa. Akarudi mahali pake akinung'unika kwamba hajawahi kufukuzwa mlangoni mwake mwenyewe.

Ilipokwisha, na mikono imeoshwa, Gidabuday akaweka kigoda juani.

"Kaa hapa," akasema.

"Nikae nifanye nini?"

"Tuone huyu ndama kama ana maziwa. Wewe huna ndevu? Zimejaa majivu ya safari. Kaa."

Akakichukua kisu chake chembamba, akalimwagia jiwe maji. Yonas alikuwa amemwambia habari ya maji, kwamba yeye mwenyewe alikuwa amekosea, kwamba maji hayalevyi makali. Kisu kikaenda, kikarudi, na sauti yake haikuwa ile ya zamani. Ilikuwa ya chini zaidi, kama mtu anayenong'ona na mtoto aliyelala. Wana walisogea kusikia. Gidabuday akakipima kwenye ukucha wa kidole gumba. Akaguna, na hapakuwa na mtu aliyejua kama mguno huo ni sifa au lawama.

Kisha akamshika Yonas kidevu, akamgeuza uso kuelekea mlima, na kuanza kumnyoa kavu, bila sabuni, mwanzo wa sikio kushuka. Ndevu nyeupe ziliangukia kwenye koti. Jua lilikuwa la saa kumi, ng'ombe walikuwa wanarudi kwa mbali, na mmoja wao alikuwa amevishwa njuga.

"Anakata?" mke mkubwa akauliza.

"Anakata kama ndama," Gidabuday akasema. "Bado mdogo. Akikua atakuwa kama mama yake. Mwaka kesho nitakuja Mbulu kukuonyesha."

Yonas alisikia kicheko kinampanda toka tumboni, kikubwa, cha mtu aliyetua mzigo, naye alijitahidi kukizuia kwa maana makali yalikuwa yamefika kooni.

"Usicheke," Gidabuday akamwambia, kidevu bado mkononi mwake. "Ukicheka nitakuchinja, na watu watasema nimeua mgeni kwa sababu ya jiwe."